Fito za Kitalu cha Nne

Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Ninayo heshima kubwa, na huzuni isiyo na kifani, kukutangazia wewe pamoja na ukoo mzima kwamba kuanzia Jumanne iliyopita, saa nne kasorobo asubuhi, kaka yako anavaa miwani. Si ya mbao, hiyo nimezaliwa nayo. Hii ni ya kioo, na mkono wake mmoja nimeufunga kwa uzi wa kusukia kwa sababu niliikalia siku ileile ya kwanza. Wifi yako alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Sasa ndio utaviona viti ulivyokuwa unawauzia watu." Nikaenda kukiangalia kiti nilichomaliza Desemba. Mdogo wangu, tuyaache hayo.

Hatujambo. Wifi yako anakohoa kidogo, maana tunaishi nyuma ya karakana na vumbi la msasa halibishi hodi. Mgongo wangu siku hizi nikishainama unataka niuandikie barua ya maombi ndipo unyooke. Wapwa zangu wawili wanaendeleaje? Na shemeji yangu, Bwana Bado, hajambo? Kuna kitu chochote mwaka huu alichokwisha kukubali kwamba kiko tayari?

Sasa lililonikalisha niandike. Kuna hoteli mpya inafunguliwa mwezi wa Juni na wamenipa kazi ya viti arobaini vya kujilaza. Vya fito za henzirani tupu. Nimevichora mwenyewe: ufito mmoja unaanzia mguu wa mbele kulia, unapanda, unazunguka nyuma ya mabega, unashuka mpaka mguu wa mbele kushoto, bila kiungo hata kimoja. Msimamizi wa hoteli, mama mmoja mkali, akauliza, "Hilo linawezekana, fundi?" Mimi na mdomo wangu huu: "Mama, kwangu ni kazi ya kawaida."

Ufito wa namna hiyo unataka mita nne na nusu. Nina nane tu za zamani. Hizo mnazonipakilia mwaka huu ni nzuri, zimenyooka, lakini zinaishia mita tatu. Najua fito za kitalu cha nne zimepanda miti mpaka ncha zake hazionekani. Najua pia kitalu hicho kimepumzishwa. Nauliza tu, usinikunjie uso.

Ndani ya bahasha kuna barua nyingine, ya shemeji. Mpe mkononi, usiichungulie, ni mazungumzo ya wazee wenye migongo.

Kaka yako, mwenye miwani


Tarehe 2 Machi

Kaka yangu,

Salamu nyingi. Barua yako imefika na lori la tarehe ishirini na mbili. Dereva aliiweka mfuko mmoja na ugoro wake, kwa hiyo tuliisoma nyumba nzima tukipiga chafya. Pole kwa miwani. Pole zaidi kwa waliokwisha kununua.

Sisi wazima. Mkubwa ameingia darasa la saba na amekuwa mtu wa kunisahihisha ninavyoongea. Mdogo anasema mjomba akija asije tena na ile hadithi ya fisi, ameshaizidi umri. Shemeji yako ni yuleyule. Juzi mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakata fito alimwambia, "Leo siku ya tano, twende tukavute fito." Akajibu, "Bado." "Mvua inakuja, bwana." "Na yenyewe bado." Tukavuta siku ya saba, mvua ikaja siku ya nane. Alitembea kijiji kizima akiwa amenyamaza kwa furaha.

Sasa hilo la kitalu cha nne. Jibu ni hapana, na nakujibu kama dada yako ili nisije nikalazimika kukujibu kama katibu wa kikundi.

Wewe uliondoka zamani, hukuuona msitu huu ulivyofikia. Kila mtu alikata anachokiona, machanga kwa makubwa, mpaka tukawa tunatembea nusu siku kuokota mtita mmoja wa fito za kufungia kuku. Ndipo tukagawa vitalu vinne. Kila kichaka tunaacha mashina matatu. Kitalu kimoja kinapumzika miaka mitano, na cha nne bado kina miaka miwili. Ufito unakatwa chini, unaachwa unaning'inia siku saba mpaka majani yafe na miiba iachie matawi, kisha wanauvuta watu wawili: mmoja anavuta, mmoja anatazama juu, kwa sababu ufito mbichi huja na tawi kavu lililoshikwa nao. Kila mtita unafungwa lebo ya kitalu chake. Nyekundu cha kwanza, bluu cha pili, manjano cha tatu. Cha nne hakina lebo. Wewe unaupokea, unatia sahihi kwamba umeona lebo, na mwenye kununua kiti anajua kimetoka wapi na kwamba mahali hapo patachipua tena. Mkaguzi wa lebo anauita mnyororo. Wewe ni pete ya pili, kaka, ingawa una tumbo la pete tatu.

Anakuja Juni. Akikuta mtita mmoja wenye lebo ya uongo, watu thelathini na wanne tunapoteza mnunuzi. Na sheria yetu ya ndani unaijua: anayekata kitalu kilichopumzishwa, nyumba yake haikati tena. Si yeye tu. Mke, watoto, milele. Sheria hiyo niliiandika kwa mkono wangu na aliyeipendekeza ni mume wangu.

Barua yake nimempa bila kuichungulia. Aliisomea nyuma ya nyumba, akarudi, akaomba kalamu. Nikamwuliza, "Mnaandikiana nini, watu wazima nyie?" Akasema kaka yako anataka mpini wa randa. Jibu lake limo humu. Amelibandika kwa gundi kama siri ya serikali.

Dada yako


Tarehe 20 Machi

Ndugu Katibu, ambaye pia kwa bahati mbaya ni dada yangu,

Nimepokea, nimesimama wima, nimepiga saluti, na mgongo umelia kama mlango wa ghala. Wifi yako anakusalimu, kifua kimetulia. Anasema hilo la pete tatu atalikata kwenye barua alitundike jikoni.

Nimekuelewa kuhusu kitalu cha nne. Umeeleza kama mwalimu na mimi nimekaa kimya kama mwanafunzi wa nyuma. Nitatafuta namna nyingine. Fundi hakosi namna. Hoteli wamekuja mara mbili wiki hii kuangalia, mama yule anazungukazunguka vile viti nane vilivyokwisha, anapitisha mkono juu ya ufito kama anayempapasa farasi. Anauliza, "Na vingine?" Nasema, "Vinakuja, mama." Sitaki kukusumbua na haya.

Waambie wapwa zangu hadithi ya fisi ina sehemu ya pili ambayo ni ya watu wazima tu, kwa hiyo wasubiri.

Humu kuna karatasi nyingine ya shemeji. Lile suala la mpini halijaisha.

Kaka yako


Tarehe 6 Mei

Kaka,

Natumaini mgongo wako una nafuu. Wifi alituambia umekulaza kabisa, ndiyo maana hukuweza kupanda gari kuja kuzika. Mshukuru sana. Alilala na wasichana siku zote nne, akawaogesha, akawasuka nywele, akanilazimisha kunywa uji. Sikumwona akilia mpaka alipokuwa anapanda lori.

Dereva amekueleza nusu tu, kwa sababu nusu ndiyo aliyoiona. Acha nikueleze mimi.

Alhamisi ile ya tarehe ishirini na nne shemeji yako alitoka mapema akasema anakwenda kuangalia mpaka wa kitalu cha pili. Nikamwuliza, "Na nani?" Akasema, "Sivuti, naangalia tu." Alikuwa anafunga kamba ya kiatu, hakuniangalia. Jioni haikumleta. Mwenyekiti alikusanya watu kumi wakaingia kitalu cha pili wakamwita mpaka sauti zikakauka. Asubuhi ya Ijumaa ndipo mmoja akaona majani mabichi yamesambaa ng'ambo ya kijito. Ng'ambo ya kijito ni kitalu cha nne.

Tawi lilikuwa kavu, nene kama kiuno cha mtu. Lilikuwa limempata shingoni. Mikono yake bado ilikuwa imeushika ufito, na ufito ulikuwa mbichi, umekatwa siku hiyohiyo, utomvu haujakauka. Mtu aliyetufundisha sote siku saba. Mtu aliyekuwa akimfukuza msituni yeyote aliyekuja bila mwenzake.

Mfukoni alikuwa na lebo mbili za bluu. Ni za kitalu cha pili, na zimetoka kwenye kopo langu, chini ya kitanda changu. Walinionyesha watu wote wakiangalia. Nilisema ndiyo, ni za kwangu. Ningesema nini?

Tumemzika, watu walikuja, lakini wachache kuliko anavyostahili, na walisimama mbali kidogo na kaburi. Unajua watu wanavyosimama wakiwa na jambo.

Kaka, mlikuwa mnaandikiana. Nimezitafuta barua zako, kwenye sanduku, kwenye koti, hata kwenye paa. Sijaziona. Ulimwandikia nini?

Dada yako


Tarehe 21 Mei

Mdogo wangu,

Barua hii nimeianza mara sita. Karatasi tano wifi yako amewashia jiko. Alisema angalau zimefaa kitu.

Pole. Sina neno zaidi ya hilo na hilo lenyewe ni dogo. Alikuwa shemeji aliyenivumilia. Siku ya kwanza alipokuja kwetu kukuposa nilimkalisha kwenye kiti changu cha kwanza kabisa nilichokisuka, kikavunjika naye, akainuka akajipangusa akasema, "Hakikuwa tayari." Mpaka leo hakuna aliyewahi kukosoa kazi yangu kwa adabu kama ile.

Mgongo unaendelea.

Umeuliza juu ya barua. Ni kama alivyokwambia mwenyewe, mpini wa randa. Nilimwomba mti mgumu, wenye nyuzi zilizoshikana, ule unaoota karibu na maji. Nimewaza labda alivuka kijito kuutafuta. Labda ufito ulimzuia njiani akaukata apite. Lebo huenda alizibeba kwa kusahau, mtu huweka kitu mfukoni akasahau, mimi mwenyewe natembea na misumari. Ukipenda waonyeshe kikundi maelezo haya.

Wabusu wasichana.

Kaka yako


Tarehe 18 Juni

Kaka,

Barua hii inakuja kwa basi, kwa sababu lori limesimamishwa. Kwa wiki mbili sasa hakuna mtita uliotoka hapa. Fito zimelala uwanjani zinaota ukungu, na watu wakipita mbele ya nyumba yangu wanazitazama fito kwanza, kisha mlango wangu.

Mkaguzi alikuja. Ni dada wa makamo, mpole, anavua viatu kabla ya kuingia ndani. Alikwenda kitalu cha nne akahesabu visiki. Hakikuwa kisiki kimoja. Vilikuwa ishirini vya zamani kidogo, vya fito zilizovutwa vizuri, na kumi na viwili vibichi. Kwa hiyo alikwenda zaidi ya mara moja. Akaandika, akafunga daftari, akaniambia, "Mama, pole. Nitawasubiri mniambie ninyi wenyewe."

Tukakaa kikao. Mimi kama katibu niliandika, na mimi kama mjane nilitetea, kalamu mkono mmoja. Niliisoma barua yako kwa sauti, yote, mpaka hapo pa misumari. Nilipomaliza mwenyekiti akauliza, "Mpini wa randa unahitaji fito thelathini na mbili?" Watu wakacheka. Walicheka, kaka, kwenye kikao cha mume wangu. Nikaandika kwenye muhtasari: wajumbe walicheka.

Hivi ndivyo ilivyo. Ikiwa alikata kwa tamaa yake, nyumba yangu inatoka, kikundi kinabaki. Ikiwa alitumwa, sheria inasema mzigo ni wa aliyemtuma, na sisi tunabaki. Hatuna shamba, unajua. Msitu ndio tuliokuwa nao. Wamenipa mpaka mwisho wa Agosti nilete ushahidi.

Mwenyekiti alinifuata baadaye njiani. "Dada," akasema, "mimi nimevuta naye miaka kumi. Yule hakuwa na tamaa hata ya chumvi. Kuna mtu." Nikamwambia sijui. Kweli sijui.

Nijibu.

Dada yako


Tarehe 9 Julai

Mdogo wangu,

Salamu. Huku mvua imekatika na vumbi limerudi kwenye kiti chake. Wifi yako ameanza kukohoa tena, na ameninunia, sijui kosa lipi maana ninayo mengi. Hoteli ilifunguliwa mwisho wa mwezi uliopita. Viti vyote arobaini wamevipanga ukumbini, watu wakubwa wamevikalia na havikuvunjika, hilo nakutaarifu kwa mshangao.

Nimewanunulia wasichana viatu vya shule. Cha mkubwa nimekadiria kwa mguu wa wifi yako, cha mdogo nimekadiria kwa imani. Nimempa kondakta wa basi.

Nikipata nafasi nitaandika kwa kirefu.

Kaka yako


Tarehe 14 Agosti

Mdogo wangu,

Hujajibu. Kondakta anaapa viatu alivifikisha. Vimewatosha? Labda barua yako imepotea njiani, mabasi haya hayana mwenyewe. Andika hata mstari mmoja, hata wa kunitukana, nimeshazoea kutukanwa na watu wenye mwandiko mzuri.

Kaka


Tarehe 5 Septemba

Kaka,

Viatu vilifika. Vya mkubwa vinamtosha. Nimevirudisha vyote kwa kondakta yuleyule, utavipata na barua hii.

Kikao kilikuwa tarehe thelathini na moja. Sikuwa na cha kuwaonyesha. Jina la nyumba yetu limefutwa, na kwa kuwa bado nilikuwa katibu nililifuta mimi, kwa rula. Kisha nikakabidhi daftari, kopo la lebo, na panga la marehemu, kwa sababu lilikuwa la kikundi. Mwenyekiti alilipokea bila kuniangalia.

Lori limeanza tena. Nalisikia likipita.

Navunja kokoto kule wanakopasua barabara. Mkubwa anakuja nami, shule ameacha mwenyewe. Kuna mtoto darasani alimwuliza kama baba yake alizikwa na ufito mkononi. Mdogo hajaelewa, anaendelea kumsubiri saa ya kurudi.

Sikuulizi tena.


Tarehe 22 Septemba

Dada yangu,

Leo naziruka salamu. Soma mpaka mwisho, kisha mpe mwenyekiti aisome mbele ya kikundi, na nakala ya mkaguzi namtumia mwenyewe leo. Nimeiandika taratibu ili asitokee mtu wa kuniambia sikumaanisha.

Hakukuwa na mpini wa randa. Lilikuwa neno lake, alilitunga kukuficha, na mimi nililidandia baada ya kufa kwake.

Tarehe 9 Februari nilimwomba anikatie fito thelathini na mbili kwenye kitalu cha nne, azifunge lebo za kitalu cha pili, ampe dereva moja kwa moja. Nilimwandikia kwa mzaha, unanijua, nikamwambia msitu hautakosa usingizi kwa fito thelathini. Tarehe 2 Machi ulinitumia jibu lake ukiwa umeliona limebandikwa. Alikataa. Tarehe 20 nikamwandikia mara ya pili, na safari hiyo sikutania. Akaenda peke yake, akakata ishirini, akasubiri siku saba, akazivuta vizuri, zikanifikia tarehe 10 Aprili na lebo ya bluu. Nikatia sahihi kwamba nimeiona lebo. Kweli niliiona.

Zikabaki kumi na mbili. Hoteli wakawa wananijia kila siku. Lori lilipoondoka kuja huko sikuandika, nilimwambia dereva kwa mdomo. Mwulizeni, atakumbuka, kwa sababu tulicheka wote wawili. Nilimwambia, "Mwambie Bwana Bado safari hii hakuna bado. Akate, avute, upakie Ijumaa." Dereva hakujua ni fito za wapi, asiguswe. Alimfikishia Jumatano. Alhamisi akakata, Alhamisi akavuta.

Siku mliyomzika sikuwa mgonjwa. Mgongo wangu haujawahi kuwa mzima kama wiki ile. Wifi yako alipopanda gari nilifunga mlango wa karakana kwa ndani nikasuka kiti cha ishirini na sita, cha ishirini na saba, cha ishirini na nane. Niliogopa kusimama kaburini nikaangaliwa na wewe.

Na lile ambalo hakuna aliyeniuliza: vile viti kumi na viwili vilivyobaki nilitumia fito zenu fupi. Niliziunga nyuma ya mabega, nikafunika kiungo kwa msuko. Kazi ya jioni mbili. Mama wa hoteli alipitisha mkono wake juu ya viti vyote arobaini, kimoja baada ya kingine, akasema, "Safi sana, fundi." Hakuona. Mimi mwenyewe nikivaa miwani sivioni ni vipi. Ningeweza kuviunga vyote tangu Februari. Nilikuwa nimeshajisifu, basi.

Usidhani nimepata ujasiri ghafla. Wifi yako alikuwa anatafuta bisibisi, akainua kopo la gundi, akaikuta barua ya shemeji chini yake. Aliisoma amesimama. Akaniuliza, "Anajua?" Nikasema hapana. "Watoto wanavunja mawe na wewe umekaa na karatasi hii?" Amefunga nguo zake na kesho anakuja kwako. Atakuletea barua hii mkononi pamoja na ile. Mimi nitakuja Jumamosi kwa basi, nisimame mbele ya kikundi waniulize watakalo. Mkaguzi akishasoma sitapokea tena henzirani kutoka huko wala kwingine kwenye uangalizi wake, na sina la kubisha. Karakana nimeshaanza kuifungasha.

Barua yake ni fupi. Inasema: "Shemeji, salamu. Kitalu cha nne kimepumzishwa, na aliyeomba kipumzishwe ni mimi. Unga viti vyako. Usikasirike."

Soma wewe kwanza, kabla yao.

Zangu huwezi kuzipata, alinijibu kwa dereva kwamba amezichoma, lakini ile ya pili naikumbuka yote. Nilimwandikia kwamba hoteli hii ikikosa viti nitafunga karakana, nikifunga kikundi kitakosa mnunuzi, na wa kwanza kulaumiwa utakuwa wewe katibu, kwa sababu wewe ndiye uliyewashawishi watu wasikate miaka yote hii. Nikamwambia asikwambie, utaumia bure. Haikuwa kweli. Nilikuwa na kazi nyingine tatu mkononi. Kwa ajili ya viti vyangu asingekwenda, alishakataa. Nilimwomba kwa jina lako, ndipo akaenda.